Saa Mbichi

1

Mama yangu aliacha dawa siku ya mia mbili na kumi na nne. Mimi nilijua siku thelathini na moja baadaye, saa tatu asubuhi, jina lake lilipopanda kwenye orodha ya waachaji wa Kanda ya Kaskazini. Lilikuwa la kumi na saba kati ya arobaini na mawili. Nakijwa Mbwambo, miaka sabini na moja, Mbaga, Same. Sababu ya kuacha: hakuna.

"Mpare, leo umenuna," Kimaro aliniambia kutoka meza ya pili. "Nani kakuibia kuku? Uza ng'ombe basi tukafungue kesi."

Huo ulikuwa utani wake wa kila siku, kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashitakie kuku. Kimaro ni Mchagga wa Machame, mhandisi wa chembe, na kwa miaka sita tuliyokaa chumba kimoja pale Idara ya Mifupa, Dodoma, hakuwahi kunisalimia kabla ya kuwasema Wapare. Kwa kawaida nilimjibu. Siku hiyo nilimgeuzia kioo cha kompyuta asome.

Alisoma. Tabasamu lilimtoka taratibu.

"Huyu ni...?"

"Ni mama."

Kazi yangu kama daktari wa Idara ilikuwa kujua kwa nini watu wanaacha dawa ya mifupa. Swali lenyewe ni kongwe. Enzi za vidonge, karibu nusu ya wagonjwa waliacha kabla ya mwaka kwisha, na sababu zao zinajulikana. Kuna waliochomwa na kiungulia. Kuna walioshindwa sharti la kumeza kidonge kabla ya kula na kukaa wima nusu saa. Kuna waliosikia kwamba dawa inaozesha taya. Lakini sababu kubwa ni kwamba mfupa unaolika hauumi. Mtu anaambiwa ana ugonjwa asiouona, atumie dawa ambayo haimpi nafuu yoyote ya kuihisi, ili jambo fulani lisitokee. Lisipotokea, hana cha kushukuru.

Finyanzi ililetwa kumaliza hayo. Ni chembe yenye ukubwa wa punje ya mtama, inayopandikizwa chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Kila alfajiri mgonjwa anaibonyeza, nayo inaachia kwenye damu mashine ndogo zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Mashine hizo huingia ndani ya mfupa, huyeyusha sehemu iliyodhoofika, kisha huijenga upya. Kujenga huchukua siku nzima. Kuyeyusha huchukua dakika hamsini, na katika dakika hizo pingili za mgongo huwa laini kuliko zilivyokuwa kabla ya dawa. Waliobuni Finyanzi waliziita awamu ya kwanza. Wanawake wafinyanzi wa Usangi waliziita saa mbichi, na jina hilo ndilo lililobaki nchi nzima. Chungu kibichi hakitiwi maji. Katika saa mbichi unakaa wima, huinami, hubebi kitu.

"Amesahau au amekataa?" Kimaro aliuliza.

Swali lake lilikuwa la kisheria. Anayekataa dawa haguswi. Anayetoa sababu, sababu yake hushughulikiwa kwanza. Lakini anayeacha siku thelathini bila kutoa sababu huhesabiwa kuwa amesahau, na aliyesahau husaidiwa: ofisa wa Idara anaweza kuifungulia chembe yake akiwa Dodoma. Tulikuwa tumewafungulia watu elfu sita na mia tatu. Miongoni mwao, kuvunjika kwa nyonga kulipungua kwa theluthi moja. Namba hiyo ni sahihi. Niliipiga hesabu mwenyewe.

"Fomu inasema hakuna sababu," nilimjibu.

"Sikuulizi fomu. Nakuuliza wewe, mtoto wake."

"Mama hasahau. Anakumbuka siku aliyozaliwa kila mbuzi wake."

"Basi hajasahau."

"Angekuwa amekataa angesema. Mdodosi humpigia kila Alhamisi na kumuuliza."

Mdodosi ni mtambo unaowapigia wagonjwa wote mara moja kwa wiki. Kwa Kanda ya Kaskazini ulitumia sauti yangu. Nilikaa siku mbili studio kuirekodi, kwa kuwa wakubwa walitaka sauti ambayo wazee wa milimani wangeiona ya nyumbani.

"Faili la ndugu linakabidhiwa kwa mwingine," Kimaro alisema. Hakuwa anatania tena.

"Foleni ya kukabidhi ni siku kumi na nne. Hebu tazama pingili hii ya kiuno." Nilimwonyesha. "Akipiga chafya vibaya inavunjika."

Aliitazama. "Basi mpigie simu. Wewe, siyo mtambo."

2

Nilipiga saa nne kamili. Saa nne na dakika tano nilikuwa na kikao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, leo ni wewe au ni ile mashine yako?"

"Ni mimi."

"Nauliza tu. Ile ina adabu kuliko wewe, haikosi Alhamisi." Alicheka kidogo. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Salama. Tuko salama tu."

Akanyamaza. Nilisikia kuku, na nyuma ya kuku nikasikia sauti kama ya sufuria inayotokota ikiwa imefunikwa. Nilidhani yuko jikoni. Kimya chake kilidumu sekunde nne, nami nikakichukulia kuwa salamu zimekwisha.

"Mama, dawa unatumia?"

"Dawa ipo."

"Sijauliza kama ipo."

"Ipo hapa mkononi, itaenda wapi? Waliishonea humo."

"Mwezi mzima hujaibonyeza. Naona hapa."

"Unaona." Alivuta pumzi. "Kama unaona, mbona unauliza?"

"Mgongo ukivunjika utalala kitandani mpaka unakufa. Unataka hivyo?"

"Sitaki hivyo, Namkunda. Nani anataka hivyo?" Ile sufuria ilitokota tena, na sauti yake ikasogea mbali na simu, kisha ikarudi. "Una haraka?"

"Nina kikao."

"Basi nenda kwenye kikao, mwanangu. Tutaongea ukitulia."

Maongezi yalichukua dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Baba yangu, Eliewaha, alikuwa amepata kiharusi miezi minane kabla ya hapo. Pasaka nilipokwenda nilimkuta ameketi barazani na fimbo yake, mdomo umepinda kidogo, anakula mwenyewe. Niliondoka na picha hiyo, na katika dakika moja na sekunde hamsini na mbili sikuuliza kama ilikuwa bado ni kweli.

Jioni, kabla ya kutoka ofisini, nilitia sahihi ya kufungulia. Kwenye sehemu ya uhusiano na mgonjwa niliandika: hakuna. Ujumbe wa tahadhari ulikwenda kwenye simu yake saa kumi na moja na dakika mbili. Ulifika. Haukufunguliwa.

3

Alfajiri ndiyo saa yenye kazi nyingi katika Idara, maana ndiyo saa ya dawa. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Kimaro. Aliponiona naingia alinisogezea kikombe cha chai, akafungua faili la mama kwenye kioo kikubwa.

Chembe hutuma mambo manne: mkao, mapigo ya moyo, uzito unaobebwa na mgongo, na dakika iliyopita tangu dawa iingie. Haitumi picha wala sauti. Sheria inakataza, kwa heshima ya mgonjwa.

Saa kumi na moja na nusu chembe ilifunguka. Ilitetema mara tatu mkononi mwake, na simu yake ikamwambia kwa sauti yangu: Saa mbichi imeanza. Kaa wima. Usibebe kitu.

Dakika ya kwanza: ameketi. Mapigo themanini na nne.

"Ametii," Kimaro alisema.

Dakika ya sita: ameketi.

Dakika ya tisa: ameketi. Mapigo mia moja na ishirini na moja.

"Kuna nini?" nilisema.

Dakika ya kumi: amesimama. Ameinama. Uzito sifuri.

Dakika ya kumi na moja: ameketi.

Dakika ya kumi na mbili: ameketi. Mapigo mia moja na thelathini na nane.

Nilikuwa nimeshaipiga namba yake. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

Dakika ya kumi na tatu: amesimama. Ameinama. Uzito kilo kumi na mbili. Ishirini na sita. Arobaini na moja.

"Anabeba nini huyu mama?" Kimaro alisema. "Ndoo?"

"Ndoo ni kilo ishirini."

"Mwambie aweke chini!"

"Hapokei. Ifunge hiyo chembe."

"Haifungiki, Namkunda. Imeshayeyusha. Unajua."

Nilijua. Kilo arobaini na moja zilikaa kwenye mgongo wake sekunde thelathini na nane. Katika sekunde ya thelathini na tisa uzito ukawa sifuri, na mkao ukabadilika kuwa neno ambalo katika saa mbichi halikupaswa kuonekana.

Amelala.

4

Mama Sifaeli, jirani yetu, ndiye aliyewakuta. Alinisimulia jioni ile ile kwenye benchi la hospitali, Same, akiwa bado na gauni lenye matone ya maziwa.

"Mama yako aliita mara mbili. Mara ya kwanza nikadhani anafukuza nyani. Nilikuwa nakama, na redio imefunguliwa. Mara ya pili nikaacha ndoo, nikaja. Nimeingia, baba yako ameegemezwa ukutani, ameketi, anakohoa, midomo bado ina rangi ya zambarau. Mama yako yuko chini. Ameshika mguu wa mzee. Nikataka kumnyanyua, akaniambia, 'Usininyanyue mimi. Mpige huyo mgongoni kwanza, hajamaliza.'"

"Hajamaliza nini?"

Mama Sifaeli alinitazama kama mtu anayeulizwa jua huchomoza upande gani.

"Makohozi. Si yanamjaa usiku kucha? Tangu mwezi wa sita baba yako hajigeuzi. Mama yako anamgeuza kila baada ya saa mbili. Lakini mwezi huu wa mwisho ile ya alfajiri ndiyo yenyewe. Lazima akalishwe wima apigwe mgongoni mpaka kifua kifunguke. Ukichelewa robo saa anasongwa. Ndiyo maana mama yako aliiacha ile dawa yenu. Atakaaje ameketi dakika hamsini akimwangalia mumewe anasongwa?"

Sufuria inayotokota ikiwa imefunikwa. Kilikuwa kifua cha baba yangu.

"Sikujua," nilisema.

"Hukujua?" Alikunja kanga mapajani. Alikuwa mwanamke mpole, na hakukusudia kunichoma. "Mwenyewe alisema anakuambia kila Alhamisi."

Pingili tatu za mgongo wa mama zilikuwa zimebonyea. Daktari alinionyesha picha na kueleza mambo ambayo nilikuwa nimeyafundisha kwa miaka sita. Sikumkatisha. Mama mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye ubao, uso ukiangalia dari, na alipojua ni mimi hakuniuliza chembe ilifunguliwa na nani. Aliuliza nani anamgeuza baba.

"Mimi nitamgeuza," nilimjibu.

"Kila saa mbili."

"Kila saa mbili, mama."

"Ya alfajiri usichelewe. Kiganja ukikunje kama unachota maji. Ukipiga kwa kiganja kilichonyooka unamuumiza tu."

Nilichukua likizo, nikapanda Mbaga. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili. Niliandika saa na dakika kwenye karatasi niliyobandika ukutani, na katika siku ishirini na tatu sikukosa hata mara moja. Nilikunja kiganja. Lakini mama alikuwa na miezi mitano ya kujua ni wapi hasa pa kupiga, na kwa nguvu kiasi gani, na mzee akikunja vidole vya mguu wa kulia maana yake nini. Mambo hayo hayakuwa kwenye karatasi. Siku ya kumi na tisa homa ya mapafu ilianza. Siku ya ishirini na tatu, saa kumi na mbili asubuhi, baba alifariki mgongo wake ukiwa umeegemea kifua changu.

Mama hakuzika. Daktari alikataza asisogezwe kutoka kitandani. Mama Sifaeli alimshikia simu sikioni, akasikia ibada, akasikia udongo.

5

Niliporudi kazini Kimaro hakunitania. Aliniambia pole, akasimama, akakaa tena, kisha akaniambia kuwa kuna kitu amekipata.

"Mdodosi anafunga fomu akipata jibu la kwanza," alisema. "Wewe ndiye uliyempanga hivyo. Lakini simu haikatwi upande wetu. Inabaki wazi mpaka mgonjwa akate, au dakika moja ipite. Na yote inarekodiwa."

"Nani anasikiliza?"

"Hakuna. Inalala tu ghalani." Alinipa vifaa vya masikioni. "Sijamaliza kusikiliza. Nilifika ya tatu nikaona hii si yangu."

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya mama kuacha. Niliisikia sauti yangu mwenyewe: *Shikamoo. Habari za huko? Je, una tatizo lolote na dawa?*

*"Marahaba. Salama tu, hakuna tatizo,"* mama alijibu.

Hapo fomu ilifungwa. Hakuna sababu. Lakini rekodi iliendelea. Kimya cha sekunde tano. Kisha: *"Ila, Namkunda, baba yako..."* Kimya. *"Namkunda? Umekata?"*

Alhamisi ya pili: *"Salama. ... Ila baba yako kifua kinamsumbua alfajiri, na dawa yenyewe inataka nikae. Sasa sijui nifanyeje. Wewe unasemaje?"* Alisubiri jibu langu sekunde kumi na sita. *"Haya. Najua ni mashine. Nimesema tu."*

Alhamisi ya tatu: *"Salama, mwanangu. ... Ila..."* Akacheka peke yake. *"Haya, usiku mwema, ingawa ni asubuhi."*

Ya nne hakusema kitu baada ya salama. Alisubiri dakika nzima, mpaka simu ikajikata yenyewe.

Sasa nieleze nilichokuwa nimekifanya, maana hakikuwa uzembe. Mdodosi wa kwanza alikuwa na mizunguko mitatu ya salamu. Aliuliza habari za mgonjwa, akauliza habari za nyumbani, akauliza za mzee, za watoto, za mvua, ndipo afike kwenye dawa. Simu moja ilichukua dakika sita. Nilizichambua simu elfu kumi za awali nikaona kwamba katika mzunguko wa kwanza, watu tisini na saba kati ya mia hujibu salama, hata aliyelazwa, hata aliyefiwa jana yake. Nikahitimisha kwamba salamu hazina taarifa ndani yake. Nikazikata, nikabakiza mzunguko mmoja. Simu ikawa ya sekunde hamsini, na Idara ikanipongeza.

Namba ya tisini na saba ni sahihi. Kosa lilikuwa kwingine, na kila mtoto aliyelelewa Mbaga angeniambia. Jibu la kwanza si habari. Ni kumfungulia mgeni mlango. Mtu wa kwetu hamwagi shida yake mlangoni. Anasema salama, anasubiri uulize tena, na ukiuliza tena anajua kwamba umekaa. Hapo ndipo anaposema ila. Mimi nililelewa hivyo. Nilikuwa na mizunguko hiyo mitatu mdomoni kabla sijajua kusoma, na niliifuta kwa ajili ya dakika tano.

Katika kanda yetu kulikuwa na faili elfu mbili na mia tisa na kumi na nne zenye sababu "hakuna". Nilichagua mia nne kwa bahati nasibu, nikazisikiliza zote, dakika ile ya mwisho ambayo hatukuwahi kuisikiliza. Ilinichukua wiki mbili. Katika mia mbili na sitini na tatu kulikuwa na ila.

Mzee mmoja wa Ugweno aliacha kwa sababu dawa ilikutana na swala ya alfajiri, na asingeweza kusujudu akiwa kwenye saa mbichi. Alijaribu kuswali ameketi kwa wiki tatu, akaona aibu mbele ya wajukuu. Mwanamke wa Lushoto aliacha kwa sababu maji ya bomba yalitoka saa ile tu. Mwingine alikuwa na mjukuu asiyelala tena akishaamka, na hakuna mwingine wa kumbeba. Mama mmoja wa Makanya alisema, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba mume wake humpiga akimkuta ameketi. Wengine waliacha kwa sababu za kawaida za vitabuni, kiungulia, hofu, kuchoka kuuguza kitu kisichouma. Na kulikuwa na mwanamume aliyesema, *"Ila niambieni, nikipona mifupa, nyie mtakuwa mnanipigia tena?"*

Karibu zote zilikuwa na dawa rahisi. Saa ya chembe inaweza kusogezwa kutoka alfajiri hadi jioni. Kuisogeza hupunguza nguvu ya Finyanzi kwa asilimia nne. Ofisa anajaza kisanduku kimoja kwenye faili. Niliwahi kujipima: sekunde kumi na moja.

Niliandika taarifa ya kurasa tisa. Ukurasa wa mwisho nilipendekeza kufungulia kusimamishwe kote, siku hiyo hiyo. Kwenye sehemu ya uhusiano na mgonjwa, safari hii, niliandika ukweli.

Kimaro aliisoma yote akiwa amesimama.

"Ukisimamisha, kuna watu watavunjika nyonga. Waliosahau kwelikweli wapo."

"Wapo."

"Umewahesabu?"

"Mia na themanini kwa mwaka. Theluthi yao hawatamaliza mwaka mwingine."

"Na tusiposimamisha?"

"Sijui. Hiyo ndiyo namba ambayo hatuna."

Aliiweka taarifa mezani, akainyoosha pembe. "Mia na themanini wana majina, Namkunda. Watakuja kwenye orodha hii hii, na utawasoma."

"Nitawasoma."

"Na huo ni uamuzi wa daktari au wa mtoto wa Mzee Eliewaha?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu aliuliza kwa haki. Kisha nikamwambia kwamba sijui, na kwamba ningetaka namba hiyo pia iandikwe kuwa haipo. Nikaituma taarifa, na kufungulia kukasimamishwa. Mpaka leo naamini ilikuwa sahihi kuituma, na mpaka leo nawasoma.

6

Mama aliruhusiwa kwenda nyumbani mwezi wa pili. Nilimkuta Mbaga wiki tatu baadaye. Nilifika jioni, nikalala kwenye chumba changu cha zamani, na nikaamka kabla ya saa kumi na moja na nusu bila kuamshwa, kwa mazoea ya siku ishirini na tatu.

Taa ya chumbani kwao ilikuwa inawaka. Kitanda cha baba kilikuwa kimetolewa. Karatasi yangu ya saa na dakika bado ilikuwa ukutani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, amevaa mkanda wa kiunoni juu ya gauni, mikono mapajani, ameelekea pale kitanda kilipokuwa. Simu ilikuwa kwenye stuli pembeni yake, na ilikuwa imeshasema, kwa sauti yangu, akae wima na asibebe kitu.

Nilikuwa nimeona faili lake kabla ya kusafiri. Aliibonyeza chembe mwenyewe, kila siku, bila kukosa. Ufuasi asilimia mia moja. Pingili zilikuwa zinajijenga vizuri kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wake. Mtambo ulikuwa umeandika: amerejea kwenye dawa.

Niliketi sakafuni karibu na kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala. Habari za kuamka?"

"Salama."

Nilisubiri. Nje, kwa Mama Sifaeli, ng'ombe alilia mara moja akanyamaza.

"Habari za mgongo?"

"Salama tu. Hauumi."

Nikasubiri tena, muda mrefu zaidi. Mzunguko wa tatu ni wa kumuulizia mzee. Kinywa changu kilishafunguka kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuuliziwa, nikakifunga.

"Ila?" nilimuuliza.

Alishusha mkono bila kuinama, akaugusisha kichwani kwangu, akauacha hapo. Alikuwa anatazama ukutani.

"Hakuna ila, Namkunda," alisema. "Siku hizi asubuhi sina kazi."